Malenga Tumelala, Gemu Zinazungumza Peke Yake

Malenga wenzangu, kila mara naisikia lawama kwamba vijana hawana subira: huanza mchezo wa kompyuta, wakauacha njiani, wakakimbilia mwingine. Naikataa. Mimi si kijana, na ugonjwa huo ninao. Tangu mwaka jana nimeanza michezo sita hapa Ruangwa, sijamaliza hata mmoja.

Subira ninayo. Aliyewahi kukaa barazani penye bao anaijua: mashimo 32, kete 64, mtu anautafakari mtaji mmoja hadi chai inapoa, wala hakuna aondokaye kabla ya kujua nani kafungwa. Tena itazameni lugha yake: namua, mtaji, nyumba, kutakata. Maneno hayo hayakutungwa na kamati. Yalizaliwa vinywani mwa wachezaji. Michezo niliyoiacha haikunishinda kwa ugumu. Mashujaa wake wanalia na kutaniana, nami nasoma Kiingereza chini ya picha kama mtahiniwa. Utani hunipita, tusi halinichomi. Kinachobaki ni kubonyeza vitufe, na kwa hilo sihitaji kufika mwisho.

Mpwa wangu yuko kwa jirani zetu Nachingwea, hucheza soka ya kompyuta katika kibanda cha kulipia. Namungo, timu ya hapa kwetu iliyoingia Ligi Kuu msimu wa 2019/20 na msimu uliofuata ikafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, haimo mchezoni. Watangazaji ni Waingereza. Basi siku niliyomfuata kibandani nilikuta vijana wameizima sauti na wanatangaza wenyewe, kwa Kiswahili chenye tashbihi na vijembe ambavyo sijavisoma katika diwani nyingi za siku hizi. Mchezo huo waliumaliza, dakika zote! Niliona haya. Watoto wale walikuwa wakiifanya kazi yetu.

Sisi, wakati huo, tunabishana: tuseme gemu, mchezo wa video, au mchezo wa kompyuta? Ubishi huo nami naupenda, sikatai. Lakini istilahi elfu moja hazimpi mhusika mmoja kauli ya kutamka. Tena tunajitetea kwamba hatuna mafundi wa programu. Fundi akibisha hodi kesho atatuuliza kisa kiko wapi, nasi tutampa orodha ya msamiati.

Na visa tunavyo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yake. Wakaleta matrekta, wakajenga reli kutoka pwani, na kufikia 1951 mpango ulikwisha kuvunjika. Baadaye, mji uleule ukawa na kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO. Kibarua Mmwera aliyekata visiki alimwambia nini msimamizi wake? Mpiganaji aliyelala macho usiku wa kuamkia safari ya Msumbiji alimnong'oneza nani? Mchezo wa namna hiyo ningekesha nao.

Nimekwisha kuanza. Langoni mwa kambi ya karanga nimemweka bawabu asiyemfungulia mtu mpaka ajibiwe kwa ubeti wenye vina na mizani. Maswali yake matatu nimeyaandika. Majibu ya mchezaji nawaachia ninyi.