Paka Mwenye Kisukari: Amana ya Saa Kumi na Mbili



Juma hili tumeletewa swali na nyumba moja ambayo paka wao mwenye umri wa miaka 9 amepimwa na daktari wa mifugo, akaonekana ana ugonjwa wa sukari. Wenye nyumba wamegawanyika rai tatu. Mmoja asema paka apewe insulini ya bibi, kwa kuwa chupa imo tayari ndani ya friji. Wa pili asema mnyama hachomwi sindano kila siku. Apelekwe soko la samaki akajitafutie. Wa tatu ataka kumtibu, ila hajui aanzie wapi. Tumeona vyema kulijibu swali hili kwa urefu, kwani katika miji yetu ya pwani paka ni jirani wa kila mlango, na kisukari nacho si mgeni tena majumbani mwetu.

Tuanze na rai ya pili, maana ndiyo nyepesi kutamkwa na nzito kubebwa. Sote tumesomeshwa tangu chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie chakula. Huenda mtu akasema kwamba anayempeleka paka sokoni hamfungii, bali anamwacha huru. Lakini paka aliyelelewa nyumbani miaka tisa, mwili ukiwa umeshindwa kuitumia sukari, hana uhuru wowote sokoni. Atakula na atazidi kukonda, atakunywa na hatakata kiu, mpaka alale asiinuke. Kumtupa mgonjwa mahali tusipomwona hakutuondolei dhamana. Kwatuondolea macho tu.

Sasa tuufahamu ugonjwa wenyewe. Kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayoifungulia sukari ya damu mlango wa kuingia mwilini. Kwa paka wengi wenye kisukari, mwili huwa umekuwa mzito kuitikia insulini, na kongosho nalo huchoka kwa kuzidishiwa kazi. Hupatikana zaidi kwa paka wanene, waliopita umri wa makamo, madume waliohasiwa, na waliotumia dawa za jamii ya steroidi kwa muda mrefu.

Dalili zake huonekana mapema kwa mwenye kutazama. Paka hunywa maji kupita kawaida, hata akawa haondoki kwenye ndoo ya udhu. Hukojoa sana. Hula kwa pupa na huku mbavu zinaonekana. Ugonjwa ukikaa, neva za miguu ya nyuma hudhoofika, akawa anatembea kwa kukanyagia kisigino badala ya vidole. Hapa ndipo nyumba nyingi hukasirika, kwa kuwa mkojo ni najisi na mikeka ya kuswalia huharibika. Tukumbuke kuwa paka mwenyewe si najisi, Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa ni katika wanaotuzunguka majumbani. Huyu hakukosa adabu, bali figo zake zinaitoa sukari pamoja na maji, naye hana hila. Dawa ni kumwekea beseni mbili za mchanga mkavu, zisafishwe kutwa mara mbili, na maji safi yasikatike. Kumnyima maji ili asikojoe ni kumwua.

Twende kwenye rai ya kwanza, ya insulini ya bibi. Hii yatoka kwa moyo mwema, lakini ndiyo iwezayo kuua kwa siku moja. Mtu mzima huweza kuandikiwa yuniti 10, 20 au zaidi kwa mara moja. Paka wengi huanzishwa kwa kiasi cha yuniti 1 hivi, asubuhi na jioni. Tena insulini si moja. Ziko zinazofanya kazi upesi na zinazokwenda taratibu, na hata uzito wake hutofautiana. Baadhi ya insulini zilizotengenezewa wanyama zina yuniti 40 kwa kila mililita, ilhali nyingi za binadamu zina yuniti 100. Kila moja ina sindano yake yenye alama zake. Mtu akivuta insulini ya 100 kwa sindano ya 40, atakuwa amempa paka mara mbili na nusu ya kipimo alichokusudia. Kwa hivyo dawa na sindano zinunuliwe pamoja, kwa jina alilolitaja daktari wa mifugo, na atakayechoma aoneshwe kwa macho yake kabla ya kutoka zahanati.

Baada ya hapo, kazi iliyobaki si ya ujuzi bali ya nidhamu. Insulini ya paka hutolewa kila baada ya saa 12. Hapa sisi watu wa pwani tumerahisishiwa, kwa kuwa kwetu jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Nyumba inayolinda swala zake tayari ina saa ya kumtibu paka: saa kumi na mbili unusu asubuhi, na saa kumi na mbili unusu jioni. Utaratibu ni huu. Kwanza mpe chakula. Mtazame akila. Akisha kula, vuta ngozi iliyolegea ya ubavuni kwa vidole, ingiza sindano chini ya ngozi ile, sukuma dawa, toa. Sindano zake ni nyembamba mno, na paka wengi hawashughuliki maadamu wamo katika chakula.

Akikataa kula, au akitapika, usimchome kipimo cha kawaida kwa sababu tu saa imefika. Mpigie daktari kwanza. Insulini huishusha sukari, na asiyekula hana akiba ya kushushwa.

Hatari kubwa ya tiba hii si sukari kuwa juu siku moja, bali kushuka kupita kiasi. Dalili zake ni paka kulegea ghafla, kuyumba kama mlevi, kutetemeka, kutazama bila kuona, na mwisho kupatwa na degedege. Akiwa bado aweza kumeza, mpe chakula papo hapo. Akiwa hawezi, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye ufizi kwa kidole, kidogo kidogo. Usimmiminie kitu kooni, asije akapaliwa, wala usitie kidole kati ya meno ya mwenye degedege. Kisha mkimbize kwa daktari hata akionekana amepata nafuu, na sindano inayofuata isitolewe mpaka daktari aseme. Kijichupa cha asali kiwekwe mahali pamoja panapojulikana na kila mtu, watoto pia.

Nyumba zetu zina watu wengi, na huko ndiko balaa linakopenyea. Mama amechoma akaenda sokoni. Binti arudi, aona paka analia, achoma tena. Tundikeni daftari ubavuni mwa friji lenye safu nne: tarehe, amekula au hakula, kipimo, na jina la aliyechoma. Mmoja awe ndiye mwenye dhamana na mwingine naibu wake, basi. Ikitokea shaka kama amechomwa au la, asichomwe. Kukosa sindano moja hakumdhuru kama kuchomwa mbili.

Chakula ni nusu ya tiba. Paka ameumbwa mla nyama. Wanga hauna kazi kubwa mwilini mwake. Wali wa nazi, ugali, mkate, mahamri na maziwa ya chai yenye sukari viondoke kwenye sahani yake. Chakula cha kopo kilicho laini, chenye nyama nyingi na wanga kidogo, ndicho kinachopendekezwa zaidi. Punje kavu nyingi zina wanga. Asiyemudu kopo kila siku atengeneze kwa kuku au samaki aliyechemshwa bila chumvi, bila kitunguu maji wala thomu, kwani hivyo viwili ni sumu kwa paka. Lakini samaki mtupu au minofu mitupu haitoshelezi mahitaji yote ya mwili wake, basi amwulize daktari ni nini cha kuongezea. Aliye mnene apunguzwe uzito polepole kwa uangalizi. Paka mnene akifungishwa njaa ghafla ini lake huharibika.

Na hapa pana ugumu wa kwetu hasa. Paka wa mtaani ana majina matano kwa sababu ana milango mitano. Asubuhi yuko kwenu, adhuhuri yuko kwa mwenye kukaanga viazi, jioni yuko kwa wavuvi. Kipimo cha insulini kilichopangwa kwa chakula chenu hakijui kuhusu wali wa jirani. Ikiwezekana abaki ndani, walau miezi ya mwanzo. Isipowezekana, piteni mlango kwa mlango mwaombe kwa heshima kwamba asipewe kitu. Haki ya jirani yatuhimiza kupelekeana chakula. Safari hii hisani ya jirani ni kukizuia.

Insulini ikae ndani ya friji, katikati, si kwenye sehemu ya kugandisha wala mlangoni panapofunguliwa kila mara. Iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Stima ikipotea, friji isifunguliwe ovyo. Ikikawia kurudi, chupa itiwe ndani ya themosi iliyopozwa kwa maji baridi, isiguse barafu. Sindano ni ya mara moja. Iliyotumika iingizwe katika chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko, irudishwe zahanati, isitupwe jaani kwenye mikono ya watoto.

Mwezi wa Ramadhani wataka mpango wake. Watu hulala baada ya Alfajiri, na magharibi nyumba yote iko kwenye futari. Kabla mwezi haujaandama, mwombeni daktari awasaidie kusogeza saa taratibu, kwa mfano saa kumi na moja unusu asubuhi, mkisha swali, na saa kumi na moja unusu jioni, kabla sufuria hazijaepuliwa.

Limeulizwa pia swali la uhalali, nalo ni la haki. Insulini za mwanzo, baada ya ugunduzi wa Toronto wa mwaka 1921, zilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, na mpaka leo dawa ya Caninsulin, itumiwayo sana kwa wanyama, asili yake ni nguruwe. Lakini tangu mwaka 1982 iko insulini inayotengenezwa kwa bakteria, na glajini, mojawapo ya insulini zinazowafaa paka, ni ya namna hiyo. Sisi hatutoi fatwa katika safu hii. Twasema tu kwamba njia ipo: mwulizeni daktari kama glajini yamfaa paka wenu, na mkikosa ila ile nyingine, mwendeeni sheikh wenu na maelezo kamili kabla ya kuiacha tiba.

Mjue pia kuwa daktari hategemei kipimo kimoja cha sukari, kwa sababu paka akiogopa sukari hupanda. Wengi huwafunza wenye paka kupima nyumbani kwa tone la damu la ukingo wa sikio. Fuateni ratiba ya kurudi kwake, kwani ziko habari za kufurahisha: baadhi ya paka, hasa walioanza insulini na chakula chenye wanga kidogo mapema, sukari yao hutulia hadi hawahitaji sindano. Hapo kipimo kile kile cha jana huwa kingi mno leo. Basi msiongeze wala msipunguze kwa kukisia.

Gharama ipo, nasi hatuifichi. Mwambieni daktari tangu siku ya kwanza mnachomudu, awapangie ndani ya uwezo wenu. Nafaka ya watoto haivunjwi, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila uwezo wake. Na ikidhihiri kwamba nyumba haiwezi kabisa, au mnyama anateseka bila nafuu, hilo lizungumzwe wazi kwa daktari na kwa sheikh. Jambo lisilofaa ni kulikwepa kwa kumpakia ndani ya kikapu usiku na kumwacha sokoni.

Kwa nyumba iliyotuuliza, jibu letu ni kwamba yule wa tatu ndiye mwenye haki, na tayari mnavyo vingi anavyovihitaji: saa ya swala, daftari la shilingi chache, na watu wa kupokezana. Kilichobaki ni nia. Kila kiumbe chenye uhai, hisani kwake ina malipo, na hisani hii mtaifanya mara mbili kila siku.

Wabillahi tawfiq.