Pepo Huyu Mbona Anafuata Mto?

Mtoto akianguka kifafa Kadutu au Bagira, mitaa ya hapa Bukavu, sababu hutajwa kabla povu halijakauka mdomoni: pepo. Mahubiri ya redioni hulirudia neno hilo wiki baada ya wiki, Biblia ikiwa wazi kwenye Marko sura ya tisa, kana kwamba tangu zamani zile hakuna aliyeuchunguza ubongo. Aliyeamka miguu imekakamaa amerogwa. Anayeongea peke yake njiani amerogwa na shangazi yake. Imani ya mtu ni yake. Lakini anayedai kueleza ugonjwa atueleze pia kwa nini unampata huyu na si yule, huku na si kule, na hapo ndipo wahubiri wetu wanapokosa pumzi. Huko Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall alikuta tangu karibu mwaka 1960 kifafa kingi ajabu, pamoja na watoto wanaotikisa kichwa mfululizo. Hali za namna hiyo zikaonekana baadaye kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, na hapa kwetu Kongo, Ituri. Vijiji vilivyoathirika zaidi viko karibu na mito yenye maji ya kasi, wanakozaliana inzi wadogo weusi waenezao ugonjwa wa usubi. Utafiti wa Kameruni uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto waliokuwa na vimelea vingi vya usubi ndio walioshikwa na kifafa zaidi miaka iliyofuata. Uganda ilipoanza mwaka 2012 kugawa ivermektini, dawa ya minyoo, mara mbili kwa mwaka na kuua viluwiluwi mitoni, wagonjwa wapya wa kutikisa kichwa wakapungua hadi karibu kwisha. Namna kimelea kinavyoudhuru ubongo bado inajadiliwa, na kifafa kina vyanzo vingine pia, kuanzia malaria ya ubongo hadi uzazi mgumu. Ila pepo anayekaa kando ya maporomoko ya maji na kukimbia dawa ya minyoo ni pepo gani?

Konzo, ugonjwa wa kukakamaa miguu, inasema hivyo hivyo, tena karibu zaidi. Mwaka 2011 Joelle Chabwine na wenzake walichapisha habari za ugonjwa huo kutoka Burhinyi, humu humu Kivu ya Kusini. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekaza, na haiponi tena. Wanaougua hasa ni watoto na akina mama wa umri wa kuzaa, katika nyumba zinazokula muhogo mchungu usiorowekwa vya kutosha, bila maharagwe wala samaki wa kuusaidia mwili kuondoa sumu ya sianidi. Vita vikifunga mashamba na njaa ikizidi, siku za kuroweka hupunguzwa. Desire Tshala-Katumbay na wenzake walipima watoto wa Kahemba, kule Kwango, wakakuta kwamba hata watoto majirani wa wagonjwa, wanaotembea vizuri, akili zao zilikuwa zimeathirika. Kwa hiyo mchawi wetu huhesabu siku ambazo muhogo umekaa majini kabla hajaamua amroge nani.

Kuna pingamizi moja linalopendwa sana: tuliona kwa macho yetu, pasta aliweka mkono na mtoto akatulia. Mishtuko mingi ya kifafa hukoma yenyewe baada ya dakika mbili tatu. Pasta angesoma orodha ya michango, mtoto angetulia saa ile ile. Wengine husema dawa ni mambo ya wazungu, na husema hivyo kwa kipaza sauti ambacho sijui kama kilichongwa hapa jirani, Kabare. Shirika la umeme, SNEL, likikata umeme mtaa mzima, jenereta la ibada hunguruma, huku kituo cha afya cha jirani kikiwasha tochi ya simu. Fenobarbitali inazuia mishtuko ya kifafa tangu mwaka 1912 na ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa, na mji huu una hospitali ya wagonjwa wa akili, SOSAME. Lakini mgonjwa huambiwa aache vidonge kwanza, ili athibitishe imani, kisha apelekwe kwenye mkesha. Kuacha dawa ghafla na kukosa usingizi ni vichocheo vinavyojulikana vya kifafa. Mtoto ananyimwa dawa na usingizi kwa pamoja, anaanguka saa tisa usiku, na ukumbi mzima unashangilia kwamba pepo ameanza kupambana.