Seva ya shule: mimi nasema Debian

Niko mazoezi ya kufundisha huku Maposeni, Songea, na ule ubishi wetu wa gheto umenifuata: seva ya shule tuiwekee mfumo gani huria? Wengi mnasema Ubuntu kwa vile mmeizoea. Sawa, haina ubaya. Mimi nasema Debian.

Sababu yangu ni yaliyoikuta CentOS. Watu waliweka CentOS 8 wakijua itahudumiwa hadi 2029. Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ikatangaza mwisho wake ni 2021, na kweli ikaishia hapo! Sasa mwalimu wa kijijini anayenunua bando la kupima ataanzaje kuhamisha seva nzima? Debian inaendeshwa na watu wa kujitolea tangu 1993, hakuna bosi mmoja wa kuamka asubuhi na kuifunga.

Ila wenye mashine za mitumba sikilizeni: Debian 13 ya 2025 haisakiniki tena kwenye kompyuta za biti 32. Hizo ziwekeeni Debian 12, masahihisho ya usalama yapo hadi Juni 2028. Asiye na bando aje na flashi nikirudi, nitamkopia.