Akili Yapita Nguvu
Wenzangu wengi wa Kidato cha Nne hudhani kuwa gari la mashindano hushinda kwa nguvu za injini tu. Mimi nakataa. Mwaka 1959 Cooper T51, gari dogo la Kiingereza lenye kiti kimoja, lilizidiwa nguvu na Ferrari. Lakini mafundi wake waliiweka injini nyuma ya dereva. Gari likawa jepesi, likakata kona vizuri, na Jack Brabham akawa bingwa wa dunia. Katika shindano la mwisho, huko Sebring, Marekani, petroli ilimwishia. Akashuka, akalisukuma gari mpaka mwisho, akawa wa nne. Basi, sisi tuitwao wazito darasani tusikate tamaa. Tukipange vizuri kidogo tulicho nacho, na petroli ikiisha, tusukume.