Injini ikizima katikati ya ziwa, kuvuta kamba siyo dawa

Kila mara boti inapozama kwenye ziwa Kivu ao Tanganyika, watu wanazungumuza mambo mawili: mzigo kupita kiasi na ukosefu wa jile. Ndivyo ilivyokuwa kisha ajali ya MV Merdi, iliyotoka Minova na kuzama tarehe 3 Oktoba 2024 karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma. Mambo hayo ni ya kweli. Lakini kuna la tatu lisilozungumuzwa sana: injini inayozima mbali na nchi kavu.

Boti isiyo na injini haiongozeki. Upepo unaigeuza ubavu, mawimbi yanaingia. Mara nyingi nahodha anavuta kamba mpaka mkono unachoka, kisha anaanza kuzungusha skuru za kabureta. Hapo shida moja inazaa ya pili, maana injini iliyotoka vizuri bandarini ni mara chache skuru zake zinalegea zenyewe njiani.

Njia ya busara ni kuanza na mambo mepesi, moja moja. Injini ikizima pole pole kisha dakika chache, atazame kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha bidoni. Kikiwa kimefungwa, esansi haipite, na pompi ya mpira inanyauka. Ikikohoa kisha kuzima, huenda esansi ina maji. Kuitia kwenye chupa nyeupe kunatosha: maji yanakaa chini. Ikivuma kwa nguvu lakini boti haisogei, shida iko kwenye elisi: wavu, mfuko wa plastiki ao pini iliyokatika.

Kuna pia mchanganyiko. Injini nyingi za esansi na mafuta zinataka litre 1 ya mafuta kwa litre 50 za esansi, ni kusema mililitre 400 kwa bidoni ya litre 20. Za zamani zinataka mafuta zaidi. Kupunguza ili kubana feza kunaunguza pistoni. Kuzidisha kunachafua bujie.

Yote hayo yanaweza kuangaliwa bandarini kwa dakika kumi. Ndiyo sababu ukaguzi haupaswi kuishia kwenye kuhesabu abiria na kutoza taksi. Boti isiruhusiwe kuondoka kama injini haijawashwa na kunguruma dakika chache mbele ya mkaguzi, na kama haina bujie za akiba, ufunguo wake na makasia.

Wenye boti watasema siku ya soko haingoji. Ni kweli, na abiria wenyewe ndio wa kwanza kulalamika wakicheleweshwa. Lakini vifaa hivyo havichukui hata nafasi ya gunia moja la makala, na dakika kumi za bandarini ni kidogo kuliko saa nzima ya kusukumwa na mawimbi usiku. Abiria naye ana haki ya kuuliza mbele ya kulipa: bujie ya akiba iko wapi?