Krav Maga ulingoni
Wapenzi wa Krav Maga, mtindo ulioasisiwa na Imi Lichtenfeld na kufundishwa jeshini Israel, wana jibu moja ukiwauliza mbona mabingwa wao hawaonekani kwenye MMA, mapigano yanayochanganya mitindo: mapigo yetu ni hatari mno, marefa wameyapiga marufuku. Siafiki. Desemba 1994, kwenye mashindano ya UFC 4 mjini Tulsa, kupiga sehemu za siri, moja ya mapigo hayo, kulikuwa halali, na Keith Hackney alimtwanga Joe Son hapo hapo, ngumi juu ya ngumi, wote wakiwa chini. Mwanamume yeyote aliyetazama alikunja miguu. Lakini pambano halikuishia hapo; lilimalizwa na mkono kooni. Sasa tazama sambo ya kivita, nayo chimbuko lake ni majeshi ya Urusi ya Kisovieti. Fedor Emelianenko na Khabib Nurmagomedov wote walikuwa mabingwa wake wa dunia, na Khabib alistaafu mwaka 2020 akiwa ameshinda mapambano 29 bila kupoteza hata moja. Tofauti iko mazoezini. Mwanasambo hunyanyua, hubwaga na kukaba mtu anayekataa kunyanyuliwa, tena kila siku. Kwenye Krav Maga, mara nyingi mwenzako anachoma kisu cha plastiki mara moja, kisha anatulia kama sanamu huku ukimnyang'anya. Askari anayetafuta sekunde mbili za kufikia bunduki yake huenda hilo likamtosha. Ulingoni kuna dakika tano kwa raundi, na mlango umefungwa kwa nje.