Hisa za simu zikipanda, mtaji wa kibanda usisahaulike

Desemba 2021 hisa za MTN Uganda ziliingia Soko la Hisa la Uganda, kila moja ikiuzwa Shilingi 200. Bei haikukaa hapo. Kufikia Juni 2024, kampuni mama ilipouza sehemu nyingine ya hisa zake kwa umma, bei ilikuwa Shilingi 170. Baadaye ilipanda ikapita tena 200. Kwa mfanyabiashara wa Mbarara au wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale aliyenunua kwa 170, faida hiyo imezaa swali: azishikilie hisa zake, au ajikinge kabla upepo haujageuka?

Kubashiri bei hakutamsaidia. Safaricom ya Kenya ni shahidi. Mwaka 2008 iliuzwa kwa umma Shilingi 5 za Kenya. Mapema 2009 ilikuwa chini ya 3. Mwaka 2021 ilipita 40, na miaka miwili baadaye ikawa chini ya 15. Aliyeuza zote 2009 alijuta, na aliyekataa kuuza hata moja 2021 naye alijuta. Airtel Uganda nayo ilipouza hisa zake 2023 kwa Shilingi 100, wanunuzi walichukua nusu na kidogo tu ya hisa zilizotolewa.

Swali la maana kwa mfanyabiashara ni lingine: siku hisa hizo zikishuka, atabaki na nini mkononi?

Hapa ndipo hali ya Nakivale inapotofautiana na ya mwekezaji wa Kampala mwenye mshahara. Duka la Nakivale linaletewa bidhaa kutoka Mbarara, na malipo mengi hupita kwenye simu. Wapo wanaoishi kwa uwakala wa fedha za simu. Mtu wa namna hiyo akiweka akiba yake yote katika hisa za kampuni ya simu, ameweka kibanda na akiba katika kapu moja. Julai 2018 serikali ilipotoza kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya fedha za simu, wateja walikimbia hadi kodi ikapunguzwa Novemba mwaka huo kuwa asilimia 0.5 ya fedha zinazotolewa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Pigo kama hilo humpunguzia wakala kamisheni, na likidumu linaweza kupunguza faida ya kampuni ambayo hisa zake ndizo akiba yake. Na tangu mgawo wa chakula kwa wakimbizi uanze kupunguzwa 2020, nyumba nyingi za Nakivale hutegemea kibanda hicho kwa chakula.

Rai ya gazeti hili ni kwamba mfanyabiashara wa aina hii asiuze zote, lakini pia asikae na zote. Arudishe mtaji wake kwanza. Tuseme alinunua hisa 10,000 kwa 170, akatoa Shilingi 1,700,000. Bei ikifika 250, akiuza hisa 6,800 fedha yake yote imerudi, ukiacha ada ya dalali. Hisa 3,200 zilizobaki ni faida tupu, na zitaendelea kumpa gawio kila linapotangazwa. Zikishuka, hatauza magunia ya dukani kufidia hasara.

Fedha iliyorudi iende mahali ambapo mtandao wa simu hauamui hatima yake: bidhaa zisizooza, chama cha akiba na mikopo, au dhamana za serikali za muda mfupi, ambazo Benki Kuu ya Uganda huuza kuanzia Shilingi 100,000 kwa siku 91, 182 au 364. Na auze mapema, kabla ya msimu wa karo au wa safari ya Mutukula na Mpondwe. Soko la Kampala lina wanunuzi wachache, na mwenye haraka huuza kwa bei ya mwenye kusubiri.

Ipo kinga nyingine Nairobi. Tangu Julai 2019 soko la hisa la huko linauza mikataba ya kufunga leo bei ya siku zijazo, na Safaricom imo. Lakini mikataba hiyo hudai amana, na bei ikienda kinyume mtu huongezewa dai la fedha. Tena haimkingi mwenye hisa za MTN Uganda. Kwa mtaji wa duka, ni dawa kali kuliko ugonjwa.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliahidi mtaji utembee huru kama bidhaa. Ahadi hiyo haitatimia kwa kuuza hisa kupitia simu pekee. Madalali wa hisa waliofika kwa wateja kuwauzia wanapaswa pia kufika Mbarara na Nakivale kueleza, kwa Kiswahili, namna ya kuuza, ada zake na siku ambazo fedha huchukua kufika. Anayejua mlango wa kuingilia tu hajaelezwa biashara yote.